Freud kwa Kiswahili chetu: alichosema, alipopatia, na pale anapokupiga chenga (uzi mrefu)

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni (chuo sikitaji), kwenye kipindi cha saikolojia, tukifundishwa dai la Freud kwamba kila mtoto wa kiume humwonea baba wivu kwa sababu ya mama kisha huuzika wivu huo akilini asiukumbuke, nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, mbona mimi sikumbuki kumwonea baba wivu kwa sababu ya mama?" Mwalimu akatabasamu, akaligeukia darasa: "Mnamwona? Huyu ndiye aliyezika kuliko wote humu." Ukumbi mzima ukacheka. Nikauliza tena: na ningesema nakumbuka? Akajibu, "Basi ungekuwa umethibitisha."

Ni miaka kumi na mbili sasa na kile kicheko bado ninacho masikioni. Nimesoma sana tangu siku ile, nusu kwa kupenda, nusu kwa hasira. Leo nayatua hapa. Vuteni viti.

Freud mwenyewe kwa kifupi: Myahudi, daktari wa mishipa ya fahamu, alizaliwa 1856 Freiberg huko Moravia, leo ni Jamhuri ya Czech, akakulia Vienna. Hakuanza na ndoto za watu. Alianza na hadubini, na akiwa mwanafunzi aliwahi kutumwa Trieste, akapasua mamia ya mikunga kutafuta korodani zao. Sitanii. Udaktari alihitimu 1881.

Tuanze na glasi ya maji.

Josef Breuer, daktari mkubwa wa Vienna aliyemzidi Freud umri, alimtibu binti mmoja kati ya 1880 na 1882. Kwenye kitabu wamemwita Anna O., jina lake halisi ni Bertha Pappenheim. Huyu binti alikuwa na maradhi chungu nzima: mkono umepooza, anasahau Kijerumani chake anabaki na Kiingereza, kikohozi. Kiangazi kimoja, joto kali, akawa hawezi kunywa maji. Ananyanyua glasi, ikigusa tu midomo anaisukuma. Wiki kama sita akaishi kwa matikiti na matunda mengine. Siku moja, Breuer akiwa amemlaza kwa hipnosia (usingizi wa kuongozwa na daktari), akaanza kumlalamikia mwanamke Mwingereza aliyekuwa akikaa naye: aliingia chumbani kwake akakuta mbwa wa yule mama anakunywa maji kwenye glasi. Kinyaa kilimshika, lakini adabu ikamfunga mdomo. Akaitapika hasira yote pale pale, akaomba maji, akanywa, akazinduka glasi ikiwa mdomoni.

Hadithi ile ndiyo mbegu. Jambo lililokuuma, ukalimeza, halifi. Linazama kwenye sehemu ya akili usiyoiona (vitabu vyetu vya fasihi vinaiita ung'amuzi bwete), kisha linatokea kwingine likiwa limevaa nguo nyingine: kikohozi, mkono uliopooza, hofu ya maji, ndoto, ulimi kuteleza. Breuer na Freud walichapisha kitabu pamoja 1895. Baadaye Freud akaachana na hipnosia. Akamwambia mgonjwa lala kwenye kochi, sema chochote kinachokujia, hata cha kijinga, hata cha aibu. Yeye akakaa nyuma ya kichwa cha mgonjwa, kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuweza kuvumilia kutazamwa saa nane kwa siku.

Lile jambo la idi, ego na supaego lilikuja baadaye sana, 1923. Hapa wanafunzi wengi wanatishwa bure. Kwa Kijerumani Freud alitumia maneno ya mtaani kabisa: Es, Ich, Über-Ich. Yaani "kile", "mimi", na "mimi wa juu". Waingereza ndio waliotia Kilatini, nasi tukayachukua kwao, yakawa kama majina ya dawa za minyoo.

Upo kwenye daladala. Umetoa elfu mbili, konda kwa haraka zake anakurudishia chenji ya elfu kumi. Kile kinasema: tia mfukoni. Mimi wa juu anaongea kwa sauti ya mama yako, mnajua ile sauti. Mimi katikati anapiga hesabu: konda ameona? Kituo changu kiko mbali? Jirani anatazama? Ugomvi wa hao watatu ndio maisha ya ndani ya mtu kwa mujibu wa Freud, na yule wa katikati akizidiwa ndipo anapoanza hila za kujilinda. Binti yake, Anna Freud, alizipanga vizuri kwenye kitabu cha 1936, lakini bibi zetu walishazijua. Kumbandikia mwenzako kilicho ndani yako: nyani haoni kundule. Kujitungia sababu baada ya kukosa: sizitaki mbichi hizi. Bosi kakufokea, unafika nyumbani unamfokea mtoto, mtoto anampiga teke paka: hiyo nayo imo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu ya Freud iliyosimama imara kuliko zote, na hakuna anayeigombea sana.

Hatua za makuzi (mdomo, haja kubwa, uume, utulivu, utu uzima) zimo kwenye kila kitini cha chuo, sitawachosha. Kumbukeni hatua ya tatu tu, miaka mitatu hadi mitano hivi, ambapo mtoto wa kiume anamtaka mama na kumwona baba mpinzani, anaogopa baba atamkata uume, anasalimu amri na kuanza kumwiga. Hiyo ndiyo Edipusi. Na hapo ndipo mimi nilipochekwa.

Naendelea. Maswali ruksa.

#2

Kiti tayari, kahawa ipo. Shusha mkuu.

#3

Mimi nilichoelewa ni kwamba konda apewe hela yake.

#4

Mkuu, ndoto vipi? Kwetu Pwani ukiota meno yanang'oka ujue kuna msiba. Yeye alikuwa anasemaje?

#5 · Mwanzisha uzi

Mdau wa #4, tofauti ni kwamba ndoto ya kwetu inatazama mbele, ya Freud inatazama nyuma. Kwake ndoto ni tamaa iliyojificha inatimizwa usiku, yule mlinzi wa akili anayezuia tamaa za aibu akiwa amesinzia. Kitabu chake cha ndoto kilitoka Novemba 1899, mchapishaji akakiandika 1900, nakala 600 zikachukua karibu miaka minane kuisha. Kwa hiyo nyie wenye vitabu vilivyokaa dukani msikate tamaa.

Lakini nataka niwaonyeshe ndoto moja kwa karibu, kwa sababu humo yamo yote: ubora wake na ubovu wake.

Usiku wa kuamkia 24 Julai 1895 Freud anaota. Ukumbi mkubwa, wageni, kati yao mgonjwa wake "Irma". Anamvuta pembeni na kumlaumu: kama bado una maumivu ni kosa lako. Anamfungua kinywa, anaona doa kubwa jeupe. Madaktari wenzake wanakusanyika. Inajulikana kwamba mmoja wao, "Otto", alimpiga sindano, na huenda bomba halikuwa safi. Freud anaamka, anaichambua ndoto neno kwa neno, anatoa hukumu: nilitamani nisiwe na hatia, na ndoto ikanipa, kosa likawa la Otto.

Safi. Sasa rudini nyuma miezi michache.

Freud alikuwa na rafiki kipenzi Berlin, Wilhelm Fliess, daktari wa pua na koo, aliyeamini pua ina uhusiano na viungo vya uzazi. Mapema 1895 Freud akamkabidhi mgonjwa wake Emma Eckstein afanyiwe upasuaji puani. Fliess akapasua, akarudi zake Berlin. Emma akaanza kuvimba, kunuka, kutoka damu. Machi akaitwa daktari mwingine, akaona uzi, akauvuta, ikatoka shashi ya karibu nusu mita iliyosahauliwa ndani. Damu ikafoka. Freud akajisikia kuzimia, akakimbilia chumba cha pili, akaletewa maji na konyagi ndogo. Aliporudi, Emma, hai kwa tabu, akamkaribisha kwa kejeli kuhusu jinsia yenye nguvu, yaani wanaume. Haya yote kayaandika Freud mwenyewe kwenye barua kwa Fliess.

Mwaka uliofuata, kwenye barua hizo hizo, ameshabadilika: damu ile ya Emma ilitokana na histeria (maradhi ya mwili yanayodaiwa kutoka akilini). Alitoka damu kwa sababu ya kutamani.

Wakuu, shashi nusu mita!

Barua hizo ziliachwa nje zilipochapishwa mara ya kwanza 1950, zikatoka kamili 1985. Daktari wa Freud mwenyewe wa miaka ya mwisho, Max Schur, ndiye aliyeunganisha ndoto ya Irma na mkasa wa Emma, 1966. Utaona sasa kitu cha ajabu: nadharia inafanya kazi vizuri mno, ila kwa mwenye nadharia. Mtu mwenye hatia ambayo hawezi kuitazama, akili inamtafutia wa kumbandikia. Usiku ilimbandikia Otto, mchana ikambandikia mgonjwa.

#6

Daaah. Nilidhani huyu ni babu mwenye busara kwenye picha.

#7

Mkuu mnamhukumu mtu wa 1895 kwa akili ya leo. Enzi zile wenzake walikuwa wanawafungia wanawake, wanawatia umeme, wanawapa morfini. Yeye aliwakalisha akawasikiliza. Hilo peke yake ni mapinduzi. Alafu Bertha si alipona?

#8 · Mwanzisha uzi

Mkuu wa #7, kusikiliza nakupa, na nitakurudia huko mbele. Ila Bertha hakupona, angalau si wakati huo. Kitabu kinasema alipona 1882. Miaka ya 1970 mtafiti Henri Ellenberger aliifuata nyayo, akakuta kumbukumbu za sanatoria ya Bellevue, Kreuzlingen, Uswisi. Mwaka huo huo wa 1882 Bertha alilazwa pale, akiwa bado na dalili, maumivu makali ya uso, na utegemezi wa hiyo morfini unayoitaja. Waandishi wa kitabu walijua.

Kilichomsimamisha baadaye hakijulikani vizuri, lakini alisimama kweli: alianzisha shirikisho la wanawake wa Kiyahudi Ujerumani 1904, akapambana na biashara ya kuuza wasichana, na 1954 Ujerumani Magharibi ikamweka kwenye stempu. Anastahili kujulikana kwa hilo kuliko kwa mbwa na glasi.

#9

Mimi mwalimu wa chekechea. Yule mtoto wa farasi vipi? Tulisomeshwa kama ushahidi wa Edipusi.

#10 · Mwanzisha uzi

Mwalimu, shikamoo. Umenigusa penyewe.

"Hans mdogo" alikuwa Herbert Graf, karibu miaka mitano, anaogopa farasi. Hataki kutoka nje, farasi watamng'ata. Baba yake, mfuasi wa Freud, ndiye aliyekuwa anamhoji mtoto, anaandika, anampelekea Freud. Freud alikutana na mtoto kuhusu tatizo hilo mara moja tu. Akaamua: farasi ni baba. Ule weusi wa mdomoni ni masharubu, kile cha machoni ni miwani.

Sasa mtoto mwenyewe alisema nini? Alisema alimwona farasi wa basi akianguka, akipiga miguu chini, na kwamba ndipo "upuuzi" wake ulipoanza. Kiswahili kimelimaliza hili zamani: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mwaka 1960 watafiti Joseph Wolpe na Stanley Rachman waliipitia kesi hiyo ukurasa kwa ukurasa wakasema kitu hicho hicho kwa lugha ya kisayansi: hofu ya kufundishika, na hakuna ushahidi wa farasi kuwa baba isipokuwa Freud na baba wenyewe kumwambia mtoto hivyo. Tena Freud anakiri ndani ya maandishi kuwa mtoto ilibidi aambiwe mengi ambayo hakuweza kuyasema mwenyewe. Kwa wewe unayekaa na watoto wa miaka mitano kila siku: ukimuuliza mtoto swali lile lile mara ishirini, si anakupa jibu unalolitaka ili aende kucheza?

Herbert alikua mzima wa afya, akawa mwongozaji wa opera New York.

#11

Kuna sehemu Freud aliita maisha ya kimapenzi ya wanawake "bara la giza". Kama Mwafrika na mwanamke, nimetukanwa mara mbili kwa maneno mawili 😂

#12 · Mwanzisha uzi

Dada, ni kweli, 1926, na aliliandika kwa Kiingereza katikati ya Kijerumani, kwa hiyo alijua vizuri anaazima kwa nani. Karen Horney, mchambuzi wa ndani ya chama chao, alishawajibu miaka hiyo hiyo ya 1920: mnasema msichana anaionea wivu maumbile ya mvulana, mbona hamuulizi kama mwanamume hauonei wivu uwezo wa kuzaa? Na soma kesi ya "Dora", Ida Bauer, 1900. Rafiki wa baba yake, mtu mzima, alimkumbatia na kumbusu akiwa mtoto wa miaka 14 kwa hesabu ya Freud. Binti akasikia kinyaa. Freud akaandika kuwa kile kinyaa ndicho dalili ya ugonjwa. Baada ya wiki kumi na moja binti akaaga akaondoka. Namvulia kofia.

Sasa nije kwa mjomba, maana ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Mimi Mluguru. Kwetu ukoo na ardhi vinapita kwa mama. Aliyenichapa nilipoiba mananasi ni mjomba. Aliyeamua nisome au nisisome ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa kunipakia kwenye baiskeli na kunichekesha. Kwa hiyo siku ile darasani sikuwa nabisha kwa jeuri, nilikuwa najiuliza kwa dhati: kama mtoto anamwogopa baba kwa kuwa baba ana mama, mbona kwetu niliyemwogopa hana mama yangu, ni kaka yake?

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia (mtafiti wa mila za watu), alikutana na swali hilo hilo visiwa vya Trobriand, Papua, 1915 hadi 1918. Huko nako ni ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye fimbo, baba ni rafiki. Akaona uhasama wa vijana unakwenda kwa mjomba, na miiko mikali kabisa ni ya dada, si ya mama. Kama chanzo ni mapenzi kwa mama, uhasama ungemfuata mume wa mama. Badala yake uhasama umeyafuata mamlaka.

Ernest Jones, mfuasi mkuu wa Freud Uingereza, akajibu 1925. Sikilizeni jibu: watu hawa wameubuni mfumo mzima wa ukoo wa mama ili kuihamisha chuki ya baba iende kwa mjomba. Yaani Edipusi wao ni mkubwa kiasi kwamba wamejenga jamii nzima kuuficha.

Mnaisikia sauti ya mwalimu wangu humo?

#13

Mkuu hii sasa ni sawa na mganga: ukipona ni dawa, usipopona ulivunja mwiko.

#14 · Mwanzisha uzi

#13 umemaliza. Karl Popper, mwanafalsafa, naye mtoto wa Vienna, alikerwa na jambo hilo tangu 1919, alipokuwa akisaidia kazi za Alfred Adler kwa watoto (Adler ni daktari aliyejitenga na Freud akawa na nadharia yake). Alimpelekea Adler kesi isiyofanana na nadharia yake, Adler akaieleza papo hapo bila hata kumwona mtoto. Mfano wake maarufu: mtu anamsukumia mtoto majini azame, mwingine anajitosa kumwokoa mtoto. Freud ana maelezo kwa wote wawili, wa kwanza amekandamiza, wa pili ameigeuza tamaa yake kuwa jambo jema. Kama hakuna tendo ambalo lingeisumbua nadharia, basi haijatuambia lolote kuhusu tendo.

Lakini mimi si wa Popper moja kwa moja. Mwanafalsafa mwingine, Adolf Grünbaum, alimjibu 1984, na naona alipiga penyewe: madai mengi ya Freud yanapimika kabisa, na yakipimwa mengi yanaanguka. Tatizo ni ushahidi umetoka wapi. Umetoka chumbani, kwa mgonjwa aliyelala, anayetaka kumridhisha daktari, na daktari huyo huyo ndiye anayeuliza, anayeandika, na anayeamua jibu lipi ni la kweli. Shahidi, karani na hakimu ni mtu mmoja.

Na msidhani ni michezo ya Ulaya tu. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa ripoti ya J. C. Carothers, aliyekuwa ameongoza hospitali ya Mathari Nairobi, kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Hakuwa mfuasi wa Freud wa kujitangaza, ila mkono ni ule ule: mtu anakwambia shamba langu limechukuliwa, wewe unamchunguza akili.

#15

Mimi ni mshauri nasaha, miaka tisa kazini. Uzi mzuri ila umeegemea. Hatutumii tena Edipusi. Mteja anakuja, kila mpenzi anayempata ni baridi kama baba yake, hajui kwa nini. Tunakaa, anaanza kunichukulia mimi kama huyo baba, tunalizungumza hapo hapo, anaona. Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu, na asili yake ni Freud.

#16 · Mwanzisha uzi

Dada, sina ubishi, na nilimwahidi wa #7. Kwamba mtu haujui moyo wake wote, kwamba utoto unaacha alama, kwamba hisia za zamani zinamwangukia aliye mbele yako leo: haya yamebaki hai. Hata upande wa wakosoaji kuna uchafu. Mwanasaikolojia Hans Eysenck alitangaza 1952 kwamba waliopata nafuu kwa uchanganuzi nafsi (hiyo tiba ya Freud ya kochi) ni asilimia 44, waliobaki kwa madaktari wa kawaida asilimia 72. Namba hizo wengine walizihesabu upya wakapata picha tofauti kabisa, na 2019 chuo chake cha zamani, King's College London, kikatangaza kuwa makala zake 26, za mada nyingine, si za kutegemewa.

Ninayempenda mimi ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia. Alifunzwa uchanganuzi nafsi. Nadharia ilisema mwenye sonona ana hasira iliyogeukia ndani, basi ndoto zake zijae uadui. Akazikusanya ndoto, akahesabu. Akakuta kushindwa, kupoteza, kukataliwa. Angeweza kusema uadui umejificha zaidi, kanuni zilimruhusu. Hakusema. Akaanza kuwauliza wagonjwa wanawaza nini, na humo ikazaliwa tiba ya fikra na tabia ambayo bila shaka nawe unaitumia.

#17

Nimecheka, nimekasirika, nimemkumbuka mjomba.

#18

Mkuu nina UE (mtihani wa mwisho chuoni) Jumatatu. Swali la kila mwaka: "Eleza na uhakiki nadharia ya Freud." Nianzie wapi? Na mwalimu wetu ni Freud damu.

#19 · Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hatua tano ziandike, zina alama zake. Kile, mimi na mimi wa juu, weka mfano wa konda. Kwenye uhakiki mpe Hans, mpe Malinowski na jibu la Jones, mmalizie na Beck. Emma mwache, utalia kwenye chumba cha mtihani.

Na mjomba usimtaje kama wako. Andika "katika jamii zenye ukoo wa mama". Mimi niliandika "kwetu", nikapata 41.